Hesabu za Timu ya Reli, Tororo

Daftari ni la shule, kurasa tisini na sita,
jalada nimeliunga kwa plasta ya kidonda.
Kushoto: kilichoingia.
Kulia: kilichotoka,
na huku kulia kumenenepa
kama jamaa aliyekuja kula sikukuu
akasahau kuondoka.

Naitwa Nyaketcho, jina la mtoto wa msimu wa njaa.
Siku ya kuchagua mweka hazina
mtu akapaza sauti kutoka nyuma:
mpeni huyo, yeye na ukata wamelelewa pamoja.
Wakacheka, wakanyoosha mikono.

Leo Alhamisi. Ndani ya kopo la majani ya chai
mna laki tatu na elfu arobaini.
Jumamosi tunacheza Soroti.
Lori la Okiring linafuata mihogo huko,
linakwenda tupu, linarudi limeshiba;
elfu themanini, na kurudi
tutakaa juu ya magunia,
tukishinda tutaimba, tukifungwa tutajifanya tumelala.

Jezi namba sita iliibwa kwenye kamba mwezi Machi.
Siku hizi naiona sokoni
mgongoni mwa muuza vitunguu, imefuliwa vizuri kuliko zetu.
Sijamdai. Tulikuwa na tisa mbili, kosa la mchapaji,
Athieno wa cherehani akaibandua moja, akaipindua:
ikawa sita, imeinama kidogo
kama mtu anayetafuta sarafu.

Mistari ya uwanja tunachora kwa vumbi la saruji
tunalofagia barabarani magari ya kiwanda yakishapita.
Mvua ikinyesha, boksi la penalti linaganda.
Watakaoufukua mji huu baada yetu
watasema hapa palikuwa na nyumba,
haikuwa na mlango,
na wenyeji wake waliiogopa sana.

Oburu anadaka kwa glovu za mchomelea vyuma.
Emojong, winga wetu, alichukuliwa na klabu ya Kampala
kwa mipira miwili na ahadi.
Mpira mmoja umepasuka.
Ahadi bado mpya, haijaguswa.

Haba na haba hujaza kibaba, ananiambia mwenyekiti,
mtu ambaye hajawahi kukishika kibaba chetu
akaona mwanga unapita chini.

Halafu jana, mazoezini, goti la Othieno.
Sikuona. Nilisikia,
nikiwa ng'ambo ya reli nagombea bei ya sabuni.

Toa lori, zinabaki laki mbili na elfu sitini.
Ada ya ligi ni laki mbili na nusu, mwisho kesho saa kumi.
Picha ya goti, Mbale, na daktari wa kuisoma: laki na ishirini.
Nimejumlisha mara tatu. Nimeanzia chini kwenda juu.
Hesabu haina huruma, ila haina uongo pia.

Kocha Wandera anasimama mlangoni, haingii.
"Pointi tatu, Nyaketcho. Watatupokonya pointi tatu,
na sisi tunaning'inia kwa mbili."
Othieno yuko kwenye benchi, ana miaka kumi na tisa,
anasema goti halimuumi,
anasema hivyo huku ameshika ukingo wa benchi
mpaka vidole vimepauka.

Nikafungua kopo.
Nikamhesabia kocha laki na ishirini, noti za jasho,
nikamwambia basi la Mbale linaondoka saa saba.
Hakusema asante, hakusema laana.
Akamshika kijana kwapani.

Sasa nina kalamu na ukurasa.
Nimeandika: goti, 120,000,
na mkono wenyewe umekwenda kushoto,
kwenye kilichoingia.
Mkaguzi atauliza. Aulize.

Zimebaki laki na elfu arobaini.
Sabuni, elfu tatu.
Katibu wa ligi: kumpigia asubuhi, kumwomba wiki moja,
simu ya kocha, yangu haina salio.
Na pembeni, kwa penseli, ili iwe rahisi kufuta:
muuza vitunguu. Namba sita. Muulize anataka ngapi.