Herufi Ndani ya Duara

Alikuja na chupa sita za asali kikapuni,
Alezuyo, kutoka upande wa Ombaci,
na karatasi ya daftari aliyoichora mwenyewe:
nyuki mmoja, mnene kuliko mzinga wake,
chini yake jina, ENYAU,
na begani mwa jina, ® kubwa kama sahani.

"Hiyo ya mwisho umeitoa wapi?"
"Kwenye chupa ya soda. Inapendeza.
Inafanya jina lionekane limesoma."

Nikazima mashine.
Arua mjini mashine yangu ikinyamaza
hata fundi viatu wa ng'ambo huinua kichwa.

Dada, nikamwambia, hii si hereni.
Duara hili ni kiapo.
Linasema: ipo ofisi Kampala, lipo daftari, ipo namba,
nendeni mkaulize, mtanikuta.
Je, utakutwa?

Akakwangua nta iliyoganda kuchani.
"Fomu niliituma na basi la usiku, mwezi wa pili.
Hawajajibu."

Basi jina limeposwa, halijaolewa.
Barua ya posa haivalishwi pete.

Nikamwekea hizi mbili, ™,
ndogo, juu kidogo, kulia,
kama inzi aliyetua ukingoni mwa kikombe.
Hizi haziombi ruhusa.
Zinasema tu: hiki nakidai, msije mkasema hamkusikia.

Sikumwambia yote. Sikumwambia
kwamba mwaka ule wa mvua nyingi
nilimchapia Obiga, mwoka mikate, duara hilohilo
bila kuuliza swali,
lebo elfu mbili,
na barua ya wakili ikaja katika bahasha
nyeupe kuliko shati langu la harusi.
Tulizichoma nyuma ya choo.
Wino ulinuka wiki nzima.
Obiga mpaka leo hununua karatasi kwingine.

Kwenye kipeperushi alitaka ™ kila palipo na Enyau.
Nilihesabu: mara kumi na moja.
Mara moja yatosha, pale jina linapoingia mlangoni.
Ukibisha hodi kila chumba
mwenye nyumba atadhani umekuja kuiba.

Na hapa, "Enyau zangu ni tamu", futa.
Jina la namna hii halizai watoto.
Andika asali ya Enyau. Usiliache litembee peke yake,
litazoeleka midomoni,
na siku moja kila mwenye mzinga ataliita lake.

"Na mto?" akauliza.
"Mto ulitangulia kuitwa Enyau. Nao una alama?"

Nilitafuta jibu kwenye kibodi.
Halikuwepo.

Akalipa nusu kwa noti, nusu kwa asali,
chupa ya saba, ambayo sikuwa nimeiona,
tupu kabisa ubavuni, bila nyuki, bila herufi.
Nimeiweka juu ya mashine.
Jioni nachovya kidole
na sisomi kitu.