Ukoko wa Juu

Matufaa kumi na mawili kutoka Makete,
yamelala basini usiku kucha,
yakafika Kirumba na alama za vidole vya watu.
Muuzaji anayaita epo. Aliyapangusa kwa kanga yake,
akageuza upande mzuri unitazame.
Nikanunua yote, na upande mbaya.

Sufuria nzito ni moja tu kwa mama mkwe,
nayo ni ya sato.
Nimeisugua kwa jivu, nimeisugua kwa ndimu,
nimeianika juani, nimeinusa:
sato.
Nimeisugua tena. Safari hii kwa maneno.

Chuoni tulikuwa na jiko lenye kioo na taa ndani,
unakitazama chakula kikiiva kama unaangalia televisheni.
Hapa Igogo, juu mawe, chini mawe,
umeme umekatika tangu saa mbili,
jiko ni la mkaa na mfuniko ni sinia lililopinda.
Sawa. Moto utakaa chini, moto utakaa juu.
Keki za ubatizo za mtaa mzima zimeivia hivyo.

Nikamenya. Nikakata vipande vyembamba,
nikavinyunyizia ndimu visipate kutu,
nikaenda dukani kwa Lugembe kufuata mdalasini.
Lugembe hana chenji, ila ana habari,
na habari zake nazo hazina chenji.

Narudi: beseni tupu.

"Mama, vile vipande?"
Mama Masalu ananyoosha mkono bila kugeuka.
Juu ya jabali letu, lile linaloegemea choo,
lile linalotunza joto hadi usiku wa manane,
matufaa yangu yamepangwa safu kwa safu,
hakuna kipande kilichomlalia mwenzake.
"Umekata michembe vizuri," akasema.
"Ila viazi vyako vina maji. Wamelima wapi hivi?"

Mwaka wa tatu huu niko kwenye nyumba yake,
hajawahi kusema nimefanya kitu vizuri.
Ningemwambiaje?

Nikakaa naye. Tukafukuza kuku wa jirani kwa zamu.
Jua likafanya lake, upepo wa ziwa ukafanya wake,
vipande vikajikunja kingo
kama masikio ya mtoto anayesikiliza wakubwa.

Saa kumi nikaomba: "Mama, niazime michembe yako."
Sukari guru. Mdalasini wa Lugembe.
Unga wa ngano, na wa uji kidogo, karanga zilizotwangwa nusu,
siagi nikaivunjavunja kwa ncha za vidole
mpaka ikawa changarawe za njia yetu baada ya mvua.
Nikaimwaga juu, bila kushindilia.
Yeye akapanga makaa juu ya sinia kwa koleo,
moja, moja,
kama anayehesabu pesa za mtu mwingine.

Harufu ikatoka kabla ya wakati.
Ikashuka ngazi za mawe, ikapita kwa fundi redio,
ikakutana na harufu ya dagaa huko chini
na hazikusalimiana.
Watoto wakaja na vijiko mkononi.
Nani aliwaambia waje na vijiko?

Mama Masalu akafunua. Akagonga kwa kijiko:
ka, ka.
Akainama, akagonga tena.
"Ukoko," akasema.
"Umri wangu wote nakwangua chini ya sufuria,
mgongo unaniuma, wajukuu wananililia,
kumbe unaweza kupanda juu wenyewe."

Tulilia kwenye visahani, na vilipokwisha, kwenye viganja.
Meno yake manne yalijua pa kwenda.
Kwa mbali, nyuma ya mdalasini, sato alikuwepo.
Hakuna aliyemtaja.

Asubuhi hii kuna beseni mlangoni kwangu:
viazi vitamu, vimeshamenywa,
kisu kimelazwa juu, makali yakitazama ukuta.
Nje nasikia ufagio ukipita juu ya jabali.
"Kata," anasema, "kama vile vya jana."