Lehemu

Mimi ni fundi wa Makoroboi.
Kopo la maziwa, debe la mafuta ya kula,
nalikata, nalikunja, naligusa kwa lehemu,
linatoka hapa likiwa taa.
Mshono mzuri hauonekani, baba alinifunza.
Mshono mbaya utautambua kwa harufu,
mafuta yakishadondoka mezani.

Binti yetu alizaliwa kilimani Bugando
siku ya mvua ya mawe.
Mkunga alimgeuzageuza kupita kawaida.
Kidole cha pili na cha tatu, miguu yote miwili,
vimeungana mfano wa panda ya manati;
na juu ya ulimi, pale pa kuungana,
pako wazi.
Tukamwita Limi, kwa Kisukuma ni jua,
hatujajua bado kwamba jua lingemchoma.

Wanawake wa Mwaloni hawakukosa la kusema:
Nkwimba alimcheka sangara aliyepasuka mdomo
akiwa na mimba ya miezi miwili.
Mimi nililaumu moshi wangu.
Wiki tatu sikuwasha jiko,
lehemu ikajikunja kwenye debe, baridi,
na wateja wakahamia kwa jirani.

Damu yake ilisafirishwa nje ya nchi.
Mwezi wa nne Daktari Nyangeta alisoma majibu,
akayafunika kwa kiganja,
akaniuliza kazi yangu.
Nikamtajia.
"Basi utanielewa upesi," akasema.
"Anachopungukiwa mwanao kinaitwa lehemu."

Nilidhani ananitania.
"Ile wanayokatazwa wazee wenye presha?"
"Hiyohiyo."

Kumbe mwili huipika wenyewe,
hatua baada ya hatua, kila hatua na mpishi wake,
na kila mpishi ana jeni iliyomwandikia kazi.
Kwa Limi mpishi wa mwisho hajui kazi.
Sufuria imejaa kitu kilichokaribia kuwa lehemu,
na kukaribia, fundi yeyote atakuambia,
hakuzuii mafuta.

Kisha akanieleza ya tumboni:
wiki zile mtoto hajafikia hata nusu ya dagaa
kuna mjumbe anayepita kati ya seli,
wataalamu wamempa jina la kalunguyeye
(hapo nikamkazia macho tena),
ndiye anayeamuru: vidole, achaneni;
kaakaa, kutaneni; ubongo, gawanyika huku na huku.
Lakini hatumwi kabla hajapigwa lehemu mgongoni,
na anayempokea naye hasikii vizuri
pasipo lehemu.
Ujumbe ulitoka. Ulifika nusu.

"Sangara je? Moshi je?"
"Hapana. Na hapana."
Nkwimba alilia kwa hiyo hapana ya kwanza
kuliko alivyolia kwa mengine yote.

Ni sisi wawili, bila kosa.
Kila mmoja alikuwa na nakala mbili za jeni ile,
moja nzima, moja ina hitilafu,
na ile nzima ikafunika.
Miaka thelathini natembea na ufa
ambao hata baba, kwa jicho lile,
asingeuona.

Limi sasa ana miaka mitatu.
Hasemi. Usiku halali, anapiga chupa ya maji
kwenye ukuta, tatu, kimya, tatu,
na mimi huhesabu naye.
Mchana tunamvika kofia ya ukindu, pana kama ungo.

Viini vya mayai, alisema daktari.
Havitazirudisha wiki zile. Vitamsaidia kukua.
Mjomba Bugumba huja kutoka Nyegezi kila Jumapili,
yeye lehemu imemzidi, kakatazwa viini.
Anamenya yai lake pole pole,
anakula weupe, ananung'unika kuwa hauna ladha,
anasukuma kiini upande wa pili wa sahani.
Nkwimba anakiponda kwenye uji.

Limi anafungua mdomo.
Nainama, tabia ya kazi,
naangalia juu ya ulimi, waliposhona mwaka jana.
Mshono unaonekana.
Hauvuji.