Mia Tisa Tisini na Tisa

Mia tisa tisini na tisa, simu iliniambia,
Mombasa hadi Nairobi, basi la usiku,
rangi ya kijani, tarakimu nene kama kidole gumba.
Nikamwita Mwanakheri atoke jikoni: njoo uone,
dadako kajifungua, na Mungu kashusha nauli.

Nikabonyeza.
Kiti cha dirishani, mia mbili.
Nani aliyetaja dirisha?
Begi, mia na hamsini.
Ada ya huduma, ingawa aliyehudumu ni mimi,
kwa kidole changu, kwa bando langu.
Bima nayo nikaikuta imetiwa tiki,
imeshaketi bila kupiga hodi.

Na huku saa inahesabu kurudi nyuma.
Viti viwili vimebaki.
Watu kumi na wanane wanatazama safari hii.
Nikawaogopa hao kumi na wanane.
Nikaviona vidole vyao juu ya kiti changu.
Nikalipa elfu moja mia saba na arobaini,
nikajifuta jasho kwa ncha ya leso.

Mwembe Tayari, saa tatu usiku.
Basi limejaa upepo.
Nikamuuliza karani: wale kumi na wanane wako wapi?
Akanitazama kama niliyeulizia majini.

Muuza kashata mlangoni alisema kumi.
Nikampa noti ya hamsini, nikangoja aongeze
pesa ya sinia, ya karatasi,
pesa ya kuniita mama.

Akanirudishia arobaini.
Nikazihesabu mara mbili.