Mizani ya Mpakani

Mimi fundi wa mizani, Rufino ni jina langu,
Kibanda ki mpakani, nchi mbili mbele yangu,
Brazili iko jirani, Paragwai kiti changu,
Barabara ni ukuta, ukivuka hujavuka.

Mizani haina dini, kiletwacho hukipima:
Bucha alete maini, sonara pete ya mama,
Na wa bangi milimani, usiku wakija hima,
Mshale hauna haya, kwa wote hutikisika.

Redio inanguruma, bungeni wanajadili:
Mmoja anasimama, “Tuifanyeni halali,
Na risasi zitakoma, kodi ijenge spitali.”
Mwingine: “Na watoto je, vichwa vikivurugika?”

Ña Petrona hukereka, redio huigeuza,
Mwanawe ana miaka kumi akijiuliza
Ni nani anamcheka ukutani, kwenye giza.
“Na huyu mmempima?” huuliza akicheka.

Derlis, mwana wa dadangu, alibeba magunia,
Kilo thelathini fungu, begani, bila kulia,
Alitaka, mpwa wangu, pikipiki ya ghasia,
Nyekundu, yenye redio, ipitapo wageuka.

Ijumaa asubuhi, nafuta sahani moja,
nikasikia

milio sita. Au saba. Polisi waliandika tisa.
Mimi ninayekula kwa kuhesabu
sikuhesabu.

Mizani ya shairi hili imevunjika hapo.
Sitaitengeneza, na mimi ni fundi.

Alianguka katikati ya barabara,
miguu Brazili, kichwa kwetu,
na polisi wa nchi mbili wakasimama juu yake
wakibishana kwa adabu, kwa lugha mbili,
maiti ni ya nani.
Udongo wetu ni mwekundu; kwa muda damu haikuonekana.
Gunia lilikuwa limeshaondoka. Gunia halikukosa mwenyewe.

Matangani dada yangu Obdulia alisema:
Ingeuzwa duka la dawa, kwa risiti,
nani angemuua mtoto kwa ajili yake?
Nani huuawa kwa ajili ya aspirini?
Ña Petrona akasema: Wangu yu hai.
Njoo usiku umwone alivyo hai.
Hawakugombana. Walipokezana pembe moja ya yerba baridi,
mrija mmoja, midomo miwili,
na kila mmoja alipovuta
mwenzake alingoja zamu.

Anastasio mkulima, kofia magotini:
Wakiihalalisha, atakuja mtu mwenye tai
na shamba la vioo, mimi nibaki na jembe.
Wasipoihalalisha, nitabaki na wale.
Akaitazama kofia yake kama aliyeiokota njiani.

Nami? Niulizeni mizani, si siasa.
Ninachojua: kilo ikiogopwa, bei hupanda,
bei ikipanda, hupanda na bunduki.
Na ninajua pia kwamba tangu mwaka jana
wale wa milimani hawaniletei za magunia tu;
huleta na ndogo, za kiganjani, za gramu,
za unga ambao hakuna mbunge anayeutetea.

Redio ikasema kikao kimeahirishwa,
akidi haikutimia.

Jumatatu kijana aliniletea mizani ya jukwaa, ya kilo mia.
Sikumuuliza imetoka wapi. Sijawahi.
Nje, pikipiki yake ilikuwa ikiimba peke yake.
Niliifungua mizani, nikapuliza mchanga, nikakaza springi,
nikaiacha juu ya meza, tupu kabisa.
Mshale ukasimama kwenye thelathini,
ukakataa kurudi sifuri.

Nikamwambia arudi kesho.
Kesho yake nikamwambia arudi kesho.