Lakini ya Nantongo

Nantongo wa Kisekka hauzi kabla hajauliza:
Unaziba nini? Maji gani? Moto kiasi gani?
Amekalia ndoo ya rangi,
oringi mbili kidoleni kama pete za posa.

Nikatoa ya zamani kwenye mfuko wa shati,
nyeusi, imepasuka kama kisigino cha kiangazi.
Akaikunja. Ikakatika.
"Naitraili," akasema. "Rafiki wa mafuta.
Kwenye dizeli ingezeeka na wajukuu.
Wewe umeitumbukiza kwenye klorini
ukatarajia heshima?"

Meneja alikuwa na ushauri wake:
kata tyubu ya bodaboda, duara ni duara.
Na kweli nilikata, nisiwe mwongo.
Ikashika siku tisa.
Usiku wa kumi, kule Entebbe,
nikakuta maji kwenye ngazi ya pili ya chumba cha pampu,
chura anaogelea bila kulipa kiingilio,
na juu yetu wageni wa arusi wanakoroma.

Vaitoni ilikuwepo, ya kahawia, bei ya mbuzi.
Nikaishika muda mrefu kuliko mfuko ulivyoruhusu.
"Hiyo haiogopi kitu," akasema Nantongo,
"ila nani huajiri askari wa benki
alinde tuta la sukumawiki?"

Akachagua nyingine, nyeusi vilevile,
macho yangu hayakuona tofauti.
"EPDM. Usiniulize kirefu chake.
Klorini ni jirani yake, wanasalimiana kila asubuhi.
Lakini—"

Simu ikalia. Meneja.
Nikalipa, nikakimbia,
ile *lakini* nikaiacha pale juu ya meza ya mbao
pamoja na chenji ya shilingi mia tano.

Nikaifunga usiku huohuo.
Nikaipaka vaselini, kopo lilelile la mikono yangu,
maana kwetu Soroti mama alilainisha hivyo
kila kilichokaza:
bawaba, pete,
mkono wake kabla ya kumvuta ndama.

Wiki tatu. Nikafungua kifuniko.
Imevimba, imejikunja,
mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki.

Nantongo hakucheka. Ningependa angecheka.
"Vaselini ni mtoto wa petroli," akasema,
"na huyu na petroli hawakai chumba kimoja.
Grisi ya silikoni, basi. Ndiyo ilikuwa lakini yangu."
Akanipimia kidogo kwenye kizibo cha soda.
Oringi nikailipia. Grisi akakataa pesa.

Sasa sakafu ya chumba cha pampu ina vumbi.
Hakuna anayeshuka kulisifu.
Watoto wanaruka majini, bum, bum,
mimi chini nasikiliza shafti ikizunguka bila kikohozi.

Chura amehama.
Nami nikinunua kitu siku hizi, hata viatu,
nasimama mlangoni kidogo,
muuzaji ananitazama:
"Kuna kingine?"
Sijui, namwambia. Kipo?