Paa la Saba

Juu ya mnara, upande wa kusini wa uzio,
nahesabu mapaa ya Bombo kama mtu anayehesabu madeni:
la kwanza duka, la pili duka,
la tatu kwa fundi anayetupunguzia kombati kiunoni kwa elfu mbili,
la nne liliezuliwa na upepo wa Machi, bati halijarudi,
la tano na la sita sijui wanakaa nani,
la saba ni langu.
Langu la kupanga. Chumba kimoja na pazia.

Nilihama kambini kwa ajili ya joto.
Yale makopo ya bati tuliyoambiwa tuyaite nyumba
yalipika watoto mchana, usiku yakawatonea maji usoni,
na jirani akikohoa, mke wangu alimpa pole bila kupaza sauti.
Candiru akasema: Drani, nitafutie ukuta wa tofali,
hata kama nyuma yake kuna baa.
Nyuma yake kuna baa.

Mtaa unatujua. Unaijua siku ya mshahara
kabla yetu sisi wenye mshahara.
Siku hiyo nyanya hupanda, jerikeni la maji hupanda,
hata salamu hupanda: "afande" huwa "afande wangu".
Ssebunnya wa mikopo anazo kadi zetu za benki
kumi na nne, kafunga kwa mpira ndani ya kopo la maziwa,
na namba zetu za siri kazihifadhi kichwani
kuliko tarehe walizozaliwa wanawe.
Shuleni hakuna anayemwazima Ayikoru kifutio.
Wanaogopa baba yake.
Na Hajati Bakhita, mwenye nyumba, Mnubi
ambaye babu wa babu yake alifika hapa na bunduki begani kama mimi,
hupitisha kidole kwenye daftari, akanisemesha Kiswahili changu mwenyewe,
kile cha gwaride, kisicho na pa kuweka tafadhali:
"Kodi. Jumamosi. Bila hadithi."

Usiku ule zamu yangu ilianza saa nne.
Saa saba kasorobo, paa la saba, taa ikawaka.
Candiru hawashi taa ovyo, umeme wetu ni wa kununua kwa kipimo.
Ikazimika. Ikawaka. Mlango.
Kisha tochi ya kwanza kutoka paa la tano,
kisha za simu, nyingi, zikigongana uani.
Lindoni simu hairuhusiwi.
Kushuka hakuruhusiwi.
Ni hatua mia mbili na kumi na moja, ukikatiza kwa fundi,
nilishazipima.
Nilikuwa na bunduki, risasi thelathini, na filimbi.
Mimba ilikuwa ya miezi minane.

Pikipiki ikanguruma. Nikaijua kwa koo lake: ya Ssebunnya.
Halafu baa ikazima muziki,
na hapo ndipo magoti yalipolegea,
maana baa ile haikuzima hata siku ya msiba wa mwenyewe.

Saa kumi na mbili nikapokewa zamu, nikakimbia.
Hajati alikuwa kizingitini kwangu anafua mashuka,
maji mekundu kwenye beseni lake la harusi.
Hakuinua kichwa.
"Wa kiume. Wapo hospitali ya kambi, wazima.
Wenzako getini walituweka dakika ishirini
wanataka kitambulisho.
Nikawaambia kiko juu ya mnara, kinatutazama."

Mwezi uliofuata alinipandishia kodi elfu kumi.
"Mmeongezeka," alisema.
Ssebunnya naye akaandika: mafuta ya pikipiki, elfu tano, na riba.
Nililipa. Nilinung'unika, lakini nililipa.
Muziki ulikuwa umerudi tangu usiku wa pili,
mtoto analala nao, akikosa anaamka.

Leo niko mnarani tena.
La kwanza duka, la pili duka.
La tano anakaa Nakityo, mkunga wa ng'ombe,
aliyetangulia na tochi. Ninadaiwa naye salamu.
La sita bado sijui.